Mtoto Asiye na Usumbufu

Mtoto alipoacha kulia, nyumba nzima ilijipongeza.

Mama yake alijipongeza wa kwanza. Alikuwa karani wa ghala la sabuni na vipodozi, stashahada yake ya ugavi imetundikwa kwenye fremu juu ya televisheni, na aliamini kwamba hakuna kitu duniani kisichonyooka kikipangiwa saa yake. Kwenye mlango wa friji alikuwa amebandika utaratibu wa mtoto: kunyonya, kucheua, kulala, kuoga, kunyonya tena. Wapangaji wenzake walimwita Mama Ratiba kwa kumsengenya, naye alilipokea jina kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Mnaona?" alisema huku akikoroga maziwa kwenye chupa. "Mtoto si redio, kwamba akishawaka basi. Mtoto ni mazoea."

"Mazoea yako wapi," alisema Bibi, mama mzazi wa mumewe, aliyekuja kulea mjukuu tangu Mama Ratiba aliporudi kazini. "Ni mafuta yangu hayo. Namkanda kila asubuhi. Mishipa imetulia, mtoto katulia."

Mume, fundi wa friji, yeye alidai sifa bila kufanya lolote. "Ni damu hiyo, jamani. Mimi nilipokuwa mdogo sikuwa na makelele."

"Wewe?" Bibi alimgeukia. "Wewe ulilia mpaka marehemu baba yako akahamia kwa dada yake. Kaa kimya."

Mtoto mwenyewe, aliyeitwa Bosi kwa sababu zamani akilia kila mtu alikimbia, alilala mapajani mwa bibi yake akitazama dari kwa macho ya nusu. Hakumpinga mtu. Alikuwa na miezi minne na tayari alionekana amechoshwa na mijadala.

Aliyefurahi kupita wote alikuwa jirani wa ukuta wa pili. Ukuta wenyewe ulikuwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ili zifanane na tofali. Jirani alilinda gereji usiku na kulala mchana, na kwa miezi yote ile alikuwa ameupiga ukuta kwa kisigino cha kiatu kila Bosi alipoanza. Sasa alikuja mlangoni, amenyoa ndevu, na mfuko wa machungwa mkononi.

"Shemeji, nimekuja kushukuru," alimwambia Mama Ratiba. "Wiki hii nimelala kama binadamu. Mmemfanya nini?"

"Ratiba," alisema Mama Ratiba.

"Mafuta," alisema Bibi kutoka ndani.

"Damu," alisema Fundi, akaupokea ule mfuko wa machungwa.

*

Mama Ratiba hakuweza kuiweka siri peke yake. Kwenye simu alikuwa na kundi la kina mama wa mtaa, na huko ndani alikuwa mshauri asiyelipwa wala kuombwa. Aliandika aya ndefu kuhusu mtoto wake asiye na usumbufu, akaeleza pia kwamba Bosi hanywi maziwa ya ovyoovyo bali yale ya kopo la dhahabu, ambayo bei yake humfanya mtu apige dua kabla ya kufungua kifuniko.

Kopo lenyewe, lakini, hakulipenda. Lilichafua jiko lake machoni. Kila aliponunua jipya, aliumimina unga ndani ya mtungi wa kioo wenye mfuniko wa kubana na ua jekundu lililochorwa ubavuni, juu ya masalio ya unga wa zamani, kisha kopo tupu akampa mumewe. Fundi alilitumia kutunzia skrubu.

Siku moja asubuhi mwalimu wa chekechea, mmoja wa wale kina mama, akatuma picha kwenye kundi. Chini yake aliandika: "Jamani, wanaotumia kopo la dhahabu, kuna matoleo yanarudishwa dukani. Inasemekana watoto wameugua. Angalieni namba chini ya kopo."

Mama Ratiba alikuwa kwenye geti la ghala, dereva wa lori amesimama mbele yake. Alijibu kwa kidole gumba: "Tuache uvumi. Chanzo kiko wapi? Namba ya toleo iko wapi? Wengine tunafanya kazi na bidhaa, hatutishwi na picha."

Namba ilikuwa ndani ya picha. Hakuifungua. Alikuwa na haraka ya kujibu.

Kisha akamgeukia dereva. "Huu mzigo siupokei. Namba ya toleo imefutika kwenye boksi."

"Dada yangu, ni sabuni hii! Sabuni itamwua nani?"

"Bila namba, likitokea la kutokea tutajuaje limetoka wapi? Geuza lori."

Dereva akaligeuza, akisema maneno ambayo injini ilimsaidia kuyafunika. Mama Ratiba alifunga geti akiwa ameridhika kabisa na mtu aliyekuwa yeye.

*

Choo ndicho kilichoanza kumsumbua Bibi. Mtoto hakuwa amepata choo siku kadhaa.

"Tumbo limejaa hili," alisema. "Namkanda, lakini halisogei."

"Maziwa ya kopo huwa hivyo, mama," alijibu Mama Ratiba. "Choo kinakuwa kigumu. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

Ilikuwa imeandikwa kwenye kopo, pengine. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Jumamosi hiyo Mama Ratiba alikuwa nyumbani. Alimwinua Bosi kumpa chupa ya mchana, kwa wakati wake barabara, na kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Akakidaka. Akamweka vizuri, akamtia chuchu ya chupa mdomoni. Bosi alinyonya mara moja, akaacha. Maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakashuka mpaka shingoni, naye hakushughulika nayo. Kope zilikuwa zimeshuka. Uso haukuwa na kitu, si hasira wala usingizi.

Mama Ratiba akamfinya unyayo. Akamfinya tena, kwa nguvu ya kumwumiza. Bosi alifungua mdomo kulia na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kama ya paka aliyefungiwa kabatini nyumba ya tatu.

"Mama!" aliita. Bibi alikuja anakohoa. Akamtazama mtoto, akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa bado unang'aa mafuta, akaufuta haraka kwenye kanga.

"Baba Bosi, tafuta gari," alisema Mama Ratiba. "Usivae viatu, nenda hivyohivyo."

*

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, nywele kazifunga kwa mpira wa noti. Alimshika Bosi chini ya makwapa, akamwinua kidogo. Mtoto akateleza kama nguo iliyolowa. Akammulika machoni. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko walivyopenda.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi, daktari?" aliuliza Fundi.

"Hivi. Mpole. Halii, hachezi."

Watu watatu waliokuwa wakinyang'anyana sifa jikoni wakawa kama abiria waliokutana kituoni, kila mmoja akingojea mwenzake aseme kwamba mtoto ni wake.

"Kama wiki," alisema Mama Ratiba mwishowe. "Tulidhani… tulidhani ametulia."

Daktari hakumkaripia, na hilo liliuma zaidi. "Amelambishwa asali?"

Swali lilimwingia Mama Ratiba kama kamba iliyotupwa kwa mtu anayezama. Aliidaka bila kutazama upande wa pili ameshika nani.

"Mimi najua mtoto mchanga hapewi asali, daktari, nimesoma. Lakini mimi sishindi nyumbani." Akageuka. "Mama, ile chupa ya asali iliyo chini ya kitanda chako."

"Ile ni ya kikohozi changu."

"Ulimlambisha?"

"Sikumlambisha."

"Hata kidogo? Kwenye kidole?"

Wauguzi wawili waliokuwa wakitandika kitanda wakaacha kutandika. Fundi akatazama feni ya darini kana kwamba ameitwa kuitengeneza.

Bibi alijifunga vizuri mtandio wake. "Mwanangu, nimelea sita. Huyu mumeo mwenyewe sikumpa asali, na si kwa elimu, ni kwa uchoyo, angeimaliza. Mimi nikipata asali nakula mwenyewe." Akatoka akaketi kwenye benchi la ukumbini, mgongo wima.

"Chupa hiyo ipelekwe maabara," Mama Ratiba alimwambia daktari kwa sauti ya getini kwake.

"Iletwe," alisema daktari. "Na choo cha mtoto, tukikipata. Lakini hatusubiri majibu. Nahisi ni botulizimu. Kuna kijidudu kina mbegu zake, zipo kwenye udongo, kwenye vumbi, wakati mwingine kwenye chakula. Wewe ukizimeza zinapita tu. Kwa mtoto wa umri huu zinaota tumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli. Inaanza na choo. Halafu kope, kunyonya, shingo." Aliweka kiganja kifuani mwa mtoto. "Halafu kifua. Akichoka kupumua, mashine itampokea. Dawa ya kuizima sumu ipo, ila haikai hapa. Nimeshapiga simu iletwe."

"Itafika kabla ya kifua?" aliuliza Fundi. Lilikuwa swali la kwanza la maana alilouliza wiki nzima.

"Ndiyo mbio zenyewe hizo, baba. Anakunywa maziwa gani?"

"Ya kopo la dhahabu," alisema Mama Ratiba. "Na maji nachemsha. Chupa nachemsha. Vijiko nachemsha. Hata kitambaa cha kufutia nachemsha."

"Umefanya vizuri, usiache. Lakini mbegu hizi hazifi kwa maji yanayochemka jikoni. Na unga wa maziwa, hata kopo likiwa limefungwa, si kitu kisicho na kijidudu hata kimoja. Kwa kawaida ni salama. Ila kuna toleo limerudishwa juzi kwa sababu hiyohiyo. Nileteeni kopo."

Mama Ratiba alifungua mkoba, akaufunga. "Kopo sina."

"Una nini?"

"Nina mtungi."

Muuguzi mmoja akauliza, bila ubaya wowote, "Na mtungi una namba?"

"Una ua," alisema Mama Ratiba.

*

Bibi alibaki na mjukuu. Fundi na mkewe walirudi nyumbani na kufuata kazi moja kwa moja: chini ya meza ya Fundi kulikuwa na makopo ya dhahabu, mengine yana skrubu ndefu, mengine fupi, mengine nati, moja lina vitu ambavyo hata yeye hakujua vilitoka kwenye friji ya nani. Chini ya kila kopo kulikuwa na namba, na kuisoma ilibidi kulipindua.

"Zichanganye tu," alisema Mama Ratiba.

"Zimepangwa kwa saizi, mke wangu. Miaka hii yote—"

"Baba Bosi."

Akapindua. Skrubu zilimwagika sakafuni kwa kishindo cha mvua ya mawe. Ukutani kukasikika kisigino cha kiatu: ko, ko, ko. Wakapindua la pili. Ko, ko, ko. Kwenye la tatu mlango uligongwa, jirani akaingia na shuka mabegani, macho mekundu.

"Shemeji, nilishukuru mapema? Mtoto amenyamaza, sasa mnatwanga vyuma?"

"Mtoto yuko hospitali," alisema Fundi akiwa amepiga magoti. "Kule kunyamaza ndio ulikuwa ugonjwa."

Jirani alisimama pale. Uso wake ulibadilika mara kadhaa. "Na mimi," alisema polepole, "nikaleta machungwa."

Kisha akaweka shuka kando, akatoa tochi yake ya kazini, akapiga magoti kati yao.

Mama Ratiba alifungua simu. Alipanda juu, juu, akilipita jibu lake mwenyewe lenye alama nyingi za kuuliza, mpaka akaifikia picha ya mwalimu wa chekechea. Sasa ndipo alipoifungua. Namba zilikuwa zimeandikwa kubwa, nyeusi, za mtu asiyetaka kueleweka vibaya. Jirani alimulika kopo la nne, akasoma herufi moja moja kama anayekagua gari getini. Mama Ratiba alifuatisha kwa kidole.

"Rudia."

Akarudia. Zilikuwa zilezile.

Fundi aliokota skrubu moja, akaiweka kwenye kiganja, akairudisha sakafuni.

"Lori zima," alisema Mama Ratiba. "Lori zima la sabuni nililirudisha kwa sababu namba imefutika. Namba ya maziwa ya mwanangu nikaitilia skrubu."

"Skrubu nilitia mimi," alisema Fundi.

"Usinionee huruma, tafadhali. Sina muda nayo."

Aliandika kwenye kundi akiwa bado amekaa sakafuni. "Niliwaambia ni uvumi. Si uvumi. Bosi amelazwa. Tazameni chini ya kopo. Uliyemimina kwenye mtungi kama mimi na huna kopo, usibahatishe, usimpe tena. Na mtoto akikosa choo, kope zikishuka, kilio kikififia, shingo ikilegea, msimsifu. Mkimbizeni hospitali."

Kisha mwalimu wa chekechea akajibu: "Chanzo kiko wapi?"

Mama Ratiba aliona masikio yanamwaka. Kabla hajafikiri la kujibu, ujumbe wa pili ukaingia: "Nisamehe, ulimi umeniponyoka. Pole sana, dada. Wodi gani, tuje?"

*

Waliporudi hospitali, Mama Ratiba alikuta kitanda kimezungukwa na pazia, na nyuma ya pazia kitu kinavuta pumzi kwa mpangilio. Mashine. Ilikuwa na ratiba nzuri kuliko zake zote. Bosi alilala katikati ya mirija, kifua kinapanda na kushuka kwa amri ya mtu mwingine.

"Alichoka," alisema Bibi. "Wamempokea mzigo. Dawa iko njiani, wamesema imeshuka uwanja wa ndege."

Mama Ratiba alilitoa kopo kwenye mfuko, akaliweka mapajani mwa mama mkwe wake, kitako juu, namba ikitazama dari.

"Ni maziwa, mama. Si asali. Nilikusingizia mbele za watu."

Bibi alilitazama kopo. Hakujua namba ile ina maana gani na hakujifanya anajua. "Mbele za watu, na mmoja wa wauguzi wale alikuwa ananiletea chai," alisema. "Imepoa."

"Nisamehe."

"Wewe ulimlisha. Mimi nilimkanda mtoto aliyelegea nikasema mafuta yamefanya kazi. Huyu," akamwonyesha Fundi kwa kidevu, "alijisifu damu. Basi tugawane, kila mtu abebe lake. Lakini asali yangu iko wapi?"

"Maabara."

"Kwa hiyo kikohozi changu kinasubiri majibu."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichoanza vizuri kikaishia machozini, na mama yake akamvuta kichwa kwenye bega kama alivyokuwa akifanya enzi zile baba yake akiwa amehamia kwa shangazi.

Dawa ilifika jioni, katika kisanduku cha barafu, imebebwa na dereva aliyetaka sahihi. Mama Ratiba, kwa mazoea, aliuliza namba ya toleo. Daktari alimwonyesha bila kucheka. Ilisomeka vizuri.

*

Dawa iliizuia sumu isiendelee. Yaliyokwisha kulegea yalirudi kwa mwendo yaliyoutaka yenyewe. Wiki zilipita. Mama Ratiba alijifunza kukaa kwenye kiti cha plastiki asipange chochote. Kidole cha Bosi kilianza kushika. Kope zikapanda, moja kwanza, kisha ya pili, hivyo siku kadhaa alionekana kama mtu anayewashuku wote. Alipopata choo mwenyewe, Mama Ratiba aliizungusha ile nepi wodini kama cheti cha kuhitimu, na watu wazima waliinama kuitazama na kumpa hongera.

Majibu ya maabara yalikuta mbegu zile kwenye unga wa mtungi. Asali ilikuwa safi. Ilirudishwa ikiwa na karatasi ya maabara ubavuni, mhuri na namba, ikawa kitu pekee nyumbani kwa Mama Ratiba ambacho asili yake ilijulikana.

"Msiiguse," alisema Bibi. "Ina vyeti kuliko ninyi."

Siku waliyorudi, kopo jipya, la aina nyingine, lilikaa mezani kama lilivyotoka dukani, baya, maandishi yake yote nje. Mtungi wenye ua haukuonekana tena. Karatasi ya friji iliondoka. Ilibaki alama ya gundi. Bosi alilia kuanzia mlangoni. Alilia akivuliwa, akilishwa, akifutwa, kilio chenye mkwaruzo wa mrija bado, na hakuna aliyedai kwamba kimetoka kwake. Mchana akashiba, akalala.

Nyumba ikatulia. Bibi alisinzia kitini. Fundi alikuwa sakafuni akizipanga skrubu upya kwenye boksi la viatu, moja moja, asitoe mlio.

Ukutani kukagongwa. Ko, ko, ko.

Mama Ratiba aliruka. "Halii, jirani! Amelala!"

"Najua halii," sauti ya jirani ilipita kwenye mbao, nzito kwa usingizi. "Ndiyo nauliza. Mbona kimya?"

Walitazamana. Mama Ratiba alikwenda kitandani, akaweka mkono kwenye kifua cha mwanawe, akakisikia kinapanda chenyewe. Hilo lingetosha. Lakini jirani alikuwa amelala macho upande wa pili, na mbao hazina macho.

Akamfinya unyayo.

Bosi alifungua kinywa, akalia mpaka vikombe vikatetemeka kabatini na Bibi akaamka anakohoa.

"Haya," alisema jirani. "Asante, shemeji. Sasa nitalala."